Sosi Yenu ya "Light" Ni Maziwa Lala ya Susu

Wasee, Disemba nilibeba chupa ya sosi ya saladi hadi shagz, Kasikeu. Ile ya jibini ya bluu, imeandikwa "light". Nilikuwa najiringa nayo kweli. Susu akalamba kijiko kimoja, akaniangalia: "Yaani umenunua maziwa lala imetiwa chumvi?"

Nilicheka, halafu nikasoma lebo. Hakuwa mbali.

Sosi ya kawaida ya aina hii imejaa mayonezi, na mayonezi kimsingi ni mafuta: gramu 100 zinapita kalori 600. Ukitaka iwe nyepesi, unapunguza mayonezi, unaweka mtindi au yogati. Gramu 100 za mala ni kama kalori 60 tu. Siri ndiyo hiyo. Jibini haikuwa chakula chetu Ukambani, lakini hiyo sehemu nyepesi susu alikuwa nayo kwa kibuyu. Anakitikisa, siagi inajitenga, kinachobaki ni mtindi.

Sasa mbona mimi nimekua nikiona kibuyu ni ushamba, na chupa ndiyo maendeleo?

Mwaka wa 1925, masetla walianzisha KCC kuuza siagi na maziwa yao. Ng'ombe wao waliitwa biashara. Ng'ombe wa Mkamba aliitwa tatizo. 1938 serikali ya mkoloni ikasema Wakamba wana mifugo mingi mno, inaharibu udongo. Ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Na pale Athi River, kiwanda cha Liebig's kilikuwa kinataka nyama.

Julai mwaka huo, Muindi Mbingu akaongoza watu zaidi ya elfu moja kutoka Machakos, wilaya ambayo enzi hizo ilibeba hata Makueni yetu, hadi Nairobi kumwona gavana. Walikaa mjini wiki kadhaa, wakakataa kurudi. Muindi alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali ililegea, ule mnada wa lazima ukaachwa.

Ukipita Muindi Mbingu Street, pale City Market, jina ni lake. Mimi nimepita hapo miaka yote nikienda kununua vitu, sijawahi kuuliza.

Wale watu hawakuwa wanatetea nyama. Ng'ombe alikuwa mahari, akiba, na maziwa ya watoto. Kwa hivyo sisemi usinunue chupa. Nasema usimdharau mwenye kibuyu halafu ulipe pesa nyingi kwa kitu chake kimewekwa lebo.

Siku hizi natengeneza yangu: kikombe cha mala, kijiko cha mayonezi, jibini kidogo ya kuponda, kitunguu saumu na ndimu. Nilimwambia susu kwa simu. Akauliza tu kama nimekumbuka chumvi.