Daktari aliyejitibu kwa kinyesi



Nimeulizwa: mwenye vidonda vya utumbo mpana akishauriwa atiwe kinyesi cha mtu mzima wa afya, akubali? Najua wengine mmeshakunja pua. Tutazame historia kwanza.

Karne ya 4 huko China, tabibu Ge Hong aliandika juu ya kuwanywesha kinyesi walioharisha vibaya. Mwaka 1958, mjini Denver, Marekani, Ben Eiseman na wenzake waliwatia wagonjwa 4 kinyesi kwa njia ya haja kubwa, kurudisha vijidudu vyema vilivyouawa na antibiotiki. Wakapona.

Lakini kwa vidonda vya utumbo, aliyefungua mlango ni mgonjwa mwenyewe. Justin Bennet, daktari, aliugua miaka 7, akajitibu hivyo, na mwaka 1989 akaeleza katika jarida la Lancet kwamba dalili zimemtoka. Mtu mmoja si ushahidi, sawa. Mwaka 2015 Canada wakajaribu kwa wagonjwa 75: kati ya 38 waliotiwa kinyesi, ugonjwa ulitulia kwa 9, kati ya 37 waliotiwa maji, kwa 2 tu. Faida ipo, ila wengi hawakuipata.

Msijaribu nyumbani! Mwaka 2019 Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyeambukizwa bakteria sugu kutoka kwenye kinyesi alichotiwa.

Kuhusu hukumu, Imamu an-Nawawi katika al-Majmu' anaeleza kuwa kwetu Mashafii najisi isiyo kileo yajuzu kwa tiba pale tu kinapokosekana kitu tohara cha kushika nafasi yake. Kwa hiyo muulize daktari wako mwanzo kabisa: dawa tohara zote zimeshindwa?