Wanyapara na Mafundi wa Tendaguru: Kazi, Uongozi na Lugha katika Uchimbuaji wa 1909 hadi 1913

1. Utangulizi

Katika Makumbusho ya Viumbe Asilia mjini Berlin kumesimama kiunzi cha mjusi mkubwa wa kale, aina ya dinosaria, ambacho kimo chake kinazidi mita 13. Kiunzi hicho kilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, na sehemu kubwa ya mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru, kilima kilichoko yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Historia ya mjusi huyu imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wataalamu wa Kijerumani walioongoza msafara. Mhadhara huu unaichukua historia hiyohiyo kutoka upande wa shimo lenyewe: nani alichimba, nani alisimamia, kazi iligawanywaje, na ilisemwa kwa lugha gani. Hoja yake kuu ni kwamba Tendaguru palikuwa mahali ambapo maarifa ya uchimbuaji yaliundwa na kurithishwa kwa Kiswahili, ingawa kumbukumbu rasmi ziliandikwa kwa Kijerumani.

Ni kweli kwamba mifupa ya Tendaguru, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 150, ni mada ya paleontolojia wala si ya akiolojia, ambayo hushughulikia masalia ya binadamu. Hata hivyo, shimoni taaluma hizi mbili ni ndugu. Zote mbili huondoa udongo kwa utaratibu, huandika mahali kila kitu kilipolala kabla ya kukiinua, na hutegemea kundi la watu wenye macho na mikono iliyozoea. Aidha, kama itakavyoonekana hapa chini, katika Afrika Mashariki taaluma hizi zilipitia watu walewale.

2. Mahali na Wakati

Habari za mifupa hiyo ziliwafikia Wajerumani mwaka 1906 kupitia kwa Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi wa madini. Mwaka uliofuata Eberhard Fraas wa Stuttgart alifika kuithibitisha. Wilhelm von Branca wa Berlin akakusanya michango ya fedha, na mwaka 1909 Werner Janensch na Edwin Hennig wakaanza kazi.

Miaka hiyo haikuwa ya kawaida. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 na kumalizika 1907, vilikuwa vimepita katika nchi ya Wamwera na majirani zao. Majeshi ya kikoloni yalichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Juu ya hayo ilikuwapo kodi ya nyumba, ambayo kuilipa kulimlazimu mtu atafute fedha. Hivyo mwanamume aliyeshika jembe Tendaguru mwaka 1909 yamkini alikuwa ameliona shamba lake au la jirani yake likiteketea miaka michache tu kabla. Wingi wa watu waliojitokeza kufanya kazi hauwezi kueleweka bila kuyakumbuka haya, na si haki kuueleza kuwa ni mapenzi ya sayansi au mapenzi ya mwajiri.

3. Siku ya Kazi Shimoni

Msimu wa kwanza ulikuwa na wafanyakazi wapatao 170. Kufikia mwaka 1911 idadi yao ilikaribia 500, na wengi walikuja na wake na watoto, hata pembeni mwa kilima pakawa na kijiji kikubwa. Kijiji hicho kilihitaji chakula, nacho kililetwa kutoka mbali. Kilihitaji pia maji, ambayo hayakuwa karibu. Sehemu kubwa ya uongozi wa uchimbuaji, hapo kama kwingineko, ilikuwa ni kuhakikisha kuwa watu wamekula, wamekunywa na wamelipwa, kabla hata mfupa mmoja haujaguswa.

Shimoni kwenyewe kazi ilifuata hatua zinazojulikana. Kwanza vichaka vilifyekwa na udongo wa juu ukaondolewa kwa majembe. Mfupa ulipoanza kuonekana, jembe liliwekwa kando na vifaa vidogo vikachukua nafasi yake, maana mfupa wa kale huwa umepasuka kwa mizizi, jua na mvua, na pigo moja linaweza kuusambaratisha. Mfupa uliodhoofu uliimarishwa kwa gundi. Kisha ulifunikwa kwa plasta au kwa udongo, ukazungushiwa mianzi iliyofungwa pamoja, ukapewa namba. Mashimo yenyewe yalitambulishwa kwa herufi. Kwa mfano, shimo lililoitwa St ndilo lililotoa mifupa mingi ya mjusi mwenye miiba ambaye Hennig alimpa jina Kentrosaurus mwaka 1915.

Namba na herufi hizo zaweza kuonekana jambo dogo la karani, lakini ndizo roho ya kazi yote. Mfupa usiojulikana ulitoka shimo gani, ukiwa umelala karibu na mfupa upi, hauwezi tena kuunganishwa na mwili uliokuwa wake. Wakati huohuo mashimo yalikuwa mengi, yametawanyika, na mengine yalikuwa mbali na kambi. Wajerumani wawili hawakuweza kuwapo kote. Ni dhahiri basi kwamba uamuzi wa lini kuacha jembe na kushika kisu, mfupa upi uachwe kwanza na upi ufungwe upesi, ulifanywa mara nyingi na msimamizi Mwafrika aliyekuwa akiliongoza shimo. Kosa lake lingekuwa hasara isiyorudishika, na usahihi wake ndio ambao leo unasimama Berlin.

Aliyekuwa juu ya wasimamizi hao ni Boheti bin Amrani. Huyu hakuwa mwita watu kazini tu. Alikuwa pia fundi wa kuitayarisha mifupa, na uzoefu wake ulithaminiwa kiasi kwamba Waingereza walipokuja kuchimbua Tendaguru katika miaka ya 1920, walifanya kazi naye.

4. Msamiati wa Kazi

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, uwanja kama huu una utajiri wa pekee. Watu wa kusini waliokutana hapo walikuwa na lugha zao, zikiwamo Kimwera, Kiyao na Kimakonde. Utawala wa Kijerumani ulikuwa umekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi na ya maofisa wa ngazi za chini. Hivyo istilahi za kazi ya pamoja zilikuwa za Kiswahili, na kila moja ina historia yake.

Neno kibarua limetokana na barua: cheti kidogo ambacho mfanyakazi wa siku alipewa likawa jina la kazi yake, kisha likawa jina lake mwenyewe. Nyapara na mpagazi ni maneno ya misafara ya bara, ambayo Wanyamwezi walikuwa mabingwa wake muda mrefu kabla ya ukoloni. Katika msafara, mnyapara alikuwa mkubwa aliyeaminiwa na watu wake. Chini ya ukoloni neno hilo lilipata uchungu, na hata leo hutumika kwa mfungwa anayewasimamia wenzake gerezani. Msimamizi wa Tendaguru alisimama katikati ya maana hizo mbili, kwani aliwajibika kwa mwajiri na palepale aliishi kijijini miongoni mwa watu aliowasimamia. Heller, sarafu ya Kijerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, nayo imebaki kinywani hadi leo kama hela.

Neno lenye uzito zaidi ni fundi. Lina uhusiano na kitenzi funda, yaani kumpa mtu mafunzo, ambamo pia limo neno kufundisha. Kwa mantiki ya lugha yenyewe, fundi si mtu anayejua kutenda tu, bali ni mtu ambaye wengine hujifunza kwake. Tendaguru ilihitaji watu wa namna hiyo kila msimu, kwa sababu wafanyakazi wapya mamia kadhaa hawakuweza kufundishwa na wageni wawili.

Wapagazi nao wasisahauliwe. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi Lindi, mwendo wa siku tatu hadi nne, kisha zikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mfupa mkubwa ulikatwa vipande ili kila kipande kiweze kubebwa na binadamu. Kwa maneno mengine, hata namna mifupa ilivyogawanywa shimoni iliamuliwa na uwezo wa bega la mpagazi.

5. Kutoka Tendaguru hadi Olduvai

Mkondo huu haukukomea kusini. Hans Reck, aliyeongoza uchimbuaji wa Tendaguru mwaka 1912, ndiye aliyeongoza msafara wa Olduvai mwaka 1913, ambako kiunzi cha binadamu kilifukuliwa. Louis Leakey naye alipata uzoefu wake wa kwanza wa uchimbuaji mkubwa hukohuko Tendaguru mwaka 1924, akiwa na msafara wa Waingereza ulioongozwa na William Cutler, aliyefariki Lindi mwaka 1925. Mwaka 1931 Reck na Leakey walikwenda Olduvai pamoja. Kwa hiyo waanzilishi wawili wa utafiti wa chimbuko la binadamu katika Afrika Mashariki walipita kwanza katika uwanja ambao msingi wake ulikuwa ni wasimamizi na mafundi Waafrika. Baadaye Kamoya Kimeu wa Kenya, aliyefariki mwaka 2022, aliudhihirishia ulimwengu kiwango cha maarifa ya aina hiyo alipoona, mwaka 1984, kipande cha kwanza cha kiunzi kinachojulikana kama Kijana wa Turkana.

6. Hitimisho

Mwaka 1914 Janensch alimpa mjusi mkubwa wa Tendaguru jina la Brachiosaurus brancai kwa heshima ya Branca, aliyetafuta fedha. Wataalamu wengi sasa humwita Giraffatitan brancai, lakini heshima ya Branca imebaki palepale. Boheti bin Amrani alisubiri hadi mwaka 2007, mjusi mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 jina la Wamwera na la Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbuaji, yaliunganishwa katika Wamweracaudia keranjei.

Majina hayo ni haki iliyochelewa, nayo hayatoshi. Mjadala kuhusu mifupa ya Tendaguru nchini Tanzania mara nyingi huishia katika swali la kurudishwa au kutorudishwa kwa kiunzi. Lipo deni jingine, ambalo wanataaluma wa Kiswahili wanaweza kuanza kulilipa bila kungoja uamuzi wa serikali yoyote. Deni hilo ni kuirejesha katika maandishi lugha iliyotumika shimoni, na kuwatambua wanyapara na mafundi kuwa wajuzi badala ya kuwahesabu kama nguvukazi. Anayetunga leo istilahi za akiolojia kwa Kiswahili hana sababu ya kudhani kwamba anaanzia patupu. Uchimbuaji ulikwisha kusemwa kwa lugha hii, kila siku ya kazi, kwa misimu mingi.