Matajiri Wazee: Yankees wa 2005 na Hukumu ya Mapema

Tarehe 6 Mei 2005, timu ya besiboli iliyokuwa ikilipa mishahara mikubwa kuliko zote Marekani ilifungwa mchezo wake wa 19. Ilikuwa imecheza michezo 30 tu. New York Yankees walikuwa wameshinda 11, wamepoteza 19, na kwenye kundi lao wanaongozwa na Baltimore. Bajeti ya mishahara yao ilikuwa takriban dola milioni 208, ya kwanza katika historia ya mchezo huo kuvuka milioni 200. Tampa Bay, waliokuwa kundi moja nao, walilipa takriban milioni 30. Msimu ule Tampa Bay waliwafunga Yankees mara 11 katika michezo 19.

Kama huijui timu hii, kofia yake unaijua. Zile herufi N na Y zilizopandana ziko kichwani kwa dereva bodaboda wa Mbagala, ziko kwenye marobota ya mitumba pale Karume. Wengi wanaoivaa hawajawahi kutazama besiboli hata dakika tano, na hakuna ubaya. Kofia imeenda mbali kuliko mchezo wenyewe kwa sababu imebeba maana moja inayoeleweka kila mahali: ushindi na pesa. Ndiyo maana mwezi ule wa Mei unanivutia. Pesa ilikuwepo, ushindi haukuwepo, na mji mzima ulikuwa unabishana kwa nini.

Ubishi wenyewe ungeuelewa bila mkalimani. Ni ule ule wa kijiweni siku ya Jumatatu, baada ya timu kubwa kufungwa na timu iliyopanda daraja juzi. New York wana redio ya michezo ya saa 24, WFAN, na mashabiki walipiga simu asubuhi mpaka usiku. Upande mmoja walisema wazee wamekwisha, wauzwe, wapewe benchi, vijana waingie. Upande wa pili walisema tulieni, msimu ni mrefu, hawa watu wamebeba vikombe kabla ninyi hamjajua kuhesabu. Mmiliki, George Steinbrenner, hakuwa mtu wa kungoja. Katikati ya Aprili alishatoa taarifa kwa waandishi, akieleza uchungu wake kwamba timu inayolipwa kuliko zote imeanza vibaya kiasi kile.

Hapa inabidi tuelewane kuhusu urefu wa msimu, kwa sababu ubishi mzima unasimama juu ya jambo hilo. Ligi Kuu yetu ya Bara yenye timu 16 humalizika kwa mechi 30. Timu ya mpira wa miguu ikipoteza 19 kati ya hizo, habari yake imeisha, inasubiri kushuka daraja. Besiboli ya Marekani ina michezo 162 kwa kila timu, karibu kila siku, kwa takriban miezi sita. Michezo 30 haifiki hata moja ya tano. Tena ni mchezo ambao timu nzuri kabisa hupoteza karibu mara nne katika kila kumi. Yankees wa 1998, wanaotajwa miongoni mwa timu bora za karne, walianza kwa kushinda mmoja na kupoteza minne. Wapo waliotaka kocha Joe Torre afukuzwe wiki ile ile. Timu ile ilimaliza na ushindi 114 na kombe juu.

Kwa hiyo wale wa "tulieni" walikuwa na hoja. Lakini wale wa "wamekwisha" nao walikuwa wanaona kitu. Randy Johnson, mrushaji aliyeletwa mwezi Januari kama mkombozi, alikuwa na miaka 41. Kevin Brown alikuwa na 40. Mike Mussina na Bernie Williams walikuwa na 36. Hii haikuwa bahati mbaya, wala uzembe wa mtu mmoja. Timu tajiri ya besiboli huzeeshwa na kanuni zenyewe.

Mpaka mwaka 1975 mchezaji alikuwa mali ya klabu yake. Mkataba ulikuwa na kifungu kilichomfunga kwa klabu mwaka hadi mwaka, labda imuuze au imwache. Desemba ya mwaka huo msuluhishi Peter Seitz aliamua katika shauri la warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, kwamba kifungu kile hakiwezi kumfunga mtu milele. Wamiliki na chama cha wachezaji wakakaa, wakakubaliana: mchezaji atakuwa huru baada ya kutumikia miaka sita ya ligi kuu. Sasa piga hesabu. Kijana akiingia ligi kuu na miaka 23 au 24, uhuru unamkuta ana 29 au 30. Miaka yake bora ameitumikia kwa klabu iliyomlea, mingine kwa mshahara mdogo. Tajiri anapofika na begi la fedha, anakuta sokoni watu waliokwisha kuwa wakubwa. Analipia kazi ambayo sehemu nzuri yake imeshafanyika, mahali pengine, kwa bei nyingine.

Yankees walinunua hivyo tangu enzi za Reggie Jackson, na mara nyingi walipata. Vikombe vya 1977 na 1978 vilitoka huko. Ila mwaka 2005 deni lilikuwa limefika mlangoni. Tena lilifika miezi michache baada ya aibu ya Oktoba 2004, walipoongoza Boston Red Sox kwa michezo mitatu kwa bila na wakapoteza minne iliyofuata. Hakuna timu iliyowahi kupoteza hivyo katika historia ya mtoano wa besiboli.

Basi tuwaangalie watu watatu, kwa sababu redioni walikuwa wanahukumiwa wote pamoja, kwa jina moja la wazee.

Wa kwanza ni Mariano Rivera, mrushaji wa kufunga mchezo, yule anayeitwa mwishoni kulinda uongozi. Alikuwa na miaka 35. Boston walishampasua mara mbili katika mtoano ule wa 2004. Aprili 2005, katika wiki ya kwanza tu, wakampasua tena mara mbili mfululizo, nyumbani kwake, na wapo mashabiki wa Yankees waliomzomea. Alipokwenda Boston tarehe 11 Aprili, siku wenyeji walipokabidhiwa pete zao za ubingwa, uwanja mzima ulimshangilia kwa kejeli, kama kumshukuru. Yeye akacheka.

Wa pili ni Jason Giambi, mpigaji, miaka 34, mkataba wa miaka saba wa dola milioni 120. Jina lake lilikuwa limechafuka kwa habari za dawa za kuongeza nguvu, na mwezi Mei klabu ilimwomba ashuke ligi ndogo akajinoe upya. Akakataa, kama mkataba ulivyomruhusu.

Wa tatu ni Bernie Williams. Huyu hakununuliwa. Alilelewa na klabu, akaanza kuichezea timu ya wakubwa mwaka 1991, akasimama katikati ya uwanja wa nje katika vikombe vinne: 1996, 1998, 1999 na 2000. Mwanzoni mwa Mei kocha Torre alipangua kikosi. Alimpandisha kijana Robinson Cano wa miaka 22, akasogeza wengine, na nafasi ya Bernie ikachukuliwa.

Watu hao watatu walikuwa na mwezi mbaya ule ule. Kilichofuata hakikufanana hata kidogo. Rivera alimaliza msimu akiwa amelinda michezo 43, akiruhusu wastani wa 1.38 kwa kila raundi tisa, mojawapo ya misimu bora ya maisha yake. Aliendelea miaka minane mingine, akastaafu na 43, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingia ukumbi wa heshima wa besiboli bila kura hata moja kumpinga. Giambi alifufuka: Julai peke yake alipiga mipira 14 nje ya uwanja, na mwaka ukaisha akiwa na 32. Bernie hakurudi. Wastani wake wa kupiga ulishuka hadi .249 na ile nafasi ya katikati haikuwa yake tena.

Waswahili tunasema nyota njema huonekana asubuhi. Tunasema pia ng'ombe hazeeki maini. Aprili ya 2005 shabiki angeweza kumpachika yeyote kati ya wale watatu methali yoyote kati ya hizo mbili, na hakuna ambaye angemshinda kwa hoja. Takwimu za wiki tano zilionesha watatu waliochoka. Hazikuonesha nani amechoka kwa siku na nani amechoka moja kwa moja.

Timu nayo ilipinda njia. Kuanzia tarehe 7 Mei walishinda michezo kumi mfululizo, na mkongwe Tino Martinez, miaka 37, akapiga kama aliyerudishiwa ujana. Mwisho wa mwezi wakafungwa mara tatu mfululizo na Kansas City, timu iliyomaliza mwaka na vipigo 106. Waliookoa msimu, sehemu kubwa, hawakuwa wale wa mamilioni. Walikuwa Cano, Chien-Ming Wang, mrushaji mgeni kutoka Taiwan, na Aaron Small, miaka 33, mtu wa kuzunguka ligi ndogo ambaye mwezi Julai aliitwa kuziba pengo na akashinda michezo kumi bila kupoteza hata mmoja. Kima cha chini cha mshahara ligi kuu mwaka ule kilikuwa dola 316,000. Kevin Brown, kwa mamilioni yake, alishinda minne. Yankees wakamaliza na ushindi 95, sawasawa na Boston, wakachukua kundi kwa sababu walipokutana wao kwa wao walikuwa mbele, 10 kwa 9. Kisha Angels wakawatoa raundi ya kwanza.

Je, wa "tulieni" walishinda ubishi? Kwenye msimamo, ndiyo. Lakini hebu tuende mbele kidogo. Mwaka 2006 walitolewa raundi ya kwanza. Mwaka 2007 walianza tena vibaya, ushindi 21 na vipigo 29, na dawa ya mwenye klabu ilikuwa kumrudisha Roger Clemens, mwenye miaka 44, kwa kiwango cha dola milioni 28 kwa mwaka. Alishinda sita, akapoteza sita. Wakafika mtoano, wakatolewa raundi ya kwanza, Torre akaondoka. Mwaka 2008 hawakufika kabisa. Ule uchovu ulioonekana Mei 2005 ulikuwepo kweli. Ulichelewa tu kuonekana kwenye jedwali, kwa sababu pesa inaweza kununua muda.

Palikuwa na wakati pesa haikuweza hata hilo. Mwaka 1964 shirika la utangazaji la CBS lilikubali kununua asilimia 80 ya klabu hii kwa dola milioni 11.2. Yankees walikuwa wamechukua ubingwa wa ligi yao mara 29 katika miaka 44. Mwaka uliofuata walimaliza wa sita. Mwaka 1966 walianza kwa ushindi minne na vipigo 16, kocha Johnny Keane akafukuzwa, na safari hii mwezi wa kwanza ulisema kweli tupu: walimaliza wa kumi kati ya timu kumi. Mickey Mantle alikuwa na miaka 34 na magoti ya mzee. Soko la wachezaji huru halikuwepo bado, na tangu 1965 chipukizi waligawiwa kwa mgawo ulioanza na timu dhaifu, kwa hiyo tajiri hakuweza tena kuwakusanya kwa fedha. Waliongoja 1966 wakisema msimu ni mrefu walingoja mpaka 1976.

Mimi naandika habari za michezo, na najua kishawishi cha wiki ya tano. Kichwa cha habari "Wamekwisha" kinauza, na kichwa cha habari "Tusubiri" hakimpeleki mtu popote. Ila nikiipitia miaka hii naona mashabiki walikuwa wanauliza maswali mawili kwa mdomo mmoja. La kwanza: timu hii itamaliza wapi? Hilo mwezi mmoja haulijibu. La pili: miili ya watu hawa bado ina nini ndani yake? Hilo linajibiwa polepole, mtu mmoja mmoja, na anayelijibu kwa jumla lazima amwonee mtu. Waliomzomea Rivera walimwonea.

Na kwa Bernie, ambaye hukumu ilikuwa sahihi, sahihi peke yake haikutosha. Baada ya msimu wa 2006 klabu haikumpa mkataba. Ilimkaribisha kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, ajaribu bahati yake bila uhakika wa nafasi, mtu wa vikombe vinne. Alikataa, akabaki nyumbani na gitaa lake, maana ni mwanamuziki pia. Karatasi za kustaafu alizitia saini Aprili 2015, zaidi ya miaka minane baada ya mchezo wake wa mwisho, na mwezi uliofuata klabu ikaistaafisha jezi yake namba 51. Waliokuwa wakipiga simu redioni mwaka 2005 kutaka atolewe, bila shaka wapo waliosimama siku ile kumpigia makofi. Wala siwacheki. Lakini miaka ile yote katikati, kabla ya makofi, alikuwa mtu aliyeambiwa amekwisha na ambaye hakuwa amekubali bado.