Unyenyekevu wa Kikristo

Unyenyekevu wa Kikristo ni fadhila inayomfanya mwamini ajione mbele za Mungu jinsi alivyo, bila kujikweza wala kujidharau. Msingi wake ni Kristo aliyejishusha hadi msalabani (Wafilipi 2:5–8) na kuwaosha wanafunzi miguu (Yohana 13), tendo ambalo Wakatoliki hulikumbuka Alhamisi Kuu. Thoma wa Akwino aliuhusisha na fadhila ya kiasi.

Katika Afrika Mashariki, unyenyekevu ulichukua sura ya pekee kupitia Uamsho wa kiroho uliosambaa kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Waamini waliungama dhambi hadharani, wakaombana msamaha na kurudisha mali walizoiba. Mzungu na Mwafrika, mchungaji na muumini wa kawaida, walitakiwa kutubu kwa namna ileile. Hilo, katika enzi ya ukoloni, halikuwa jambo dogo. Hata hivyo, wakosoaji waliona kwamba baadhi ya waliookoka walijivuna kwa wokovu wao. Festo Kivengere, mwalimu kutoka Uganda, alihubiri ujumbe wa Uamsho huo Dodoma miaka ya 1940.