Kujikuna si ugonjwa mmoja: historia ya egzema na upele hadi Masisi na Walikale

MASISI / WALIKALE – Ndani ya nyumba za turubai na katika familia zinazopokea wahamaji, mtoto anayejikuna usiku kucha huitwa haraka mwenye upele. Mara nyingi ni kweli. Lakini mara nyingine ni egzema, ugonjwa usioambukiza, na dawa ya upele humchoma ngozi bure. Kuchanganya magonjwa hayo si ujinga wa wazazi wa Kivu. Waganga wakubwa wa Ulaya nao walibishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Neno egzema linatoka katika Kigiriki, na maana yake ni kuchemka. Mwanzoni mwa karne ya 19, Robert Willan na mwanafunzi wake Thomas Bateman, wa London, waliliingiza katika orodha ya magonjwa ya ngozi. Upele ulikuwa na historia yake. Mwaka 1687 Mwitaliano Giovanni Cosimo Bonomo aliandika kwamba unaletwa na mdudu mdogo sana, lakini wengi hawakusadiki. Mwaka 1834 mwanafunzi kutoka Corsica, Simon François Renucci, alimtoa mdudu huyo kwa sindano mbele ya waganga wa hospitali ya Saint-Louis, Paris. Alijifunza kwa akina mama maskini wa kwao, waliokuwa wakifanya hivyo siku zote.

Tangu hapo njia zikaachana: upele una mdudu, egzema haina.

Dawa nazo ziliachana. Mwaka 1952, Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten walionyesha kwamba pomadi ya hidrokotizoni hutuliza egzema. Kwa upande wa upele, ivermectin ilitokana na kijidudu cha udongo wa Japani. Tangu 1987 kampuni ya Merck ilikubali kuitoa bure kwa ajili ya upofu wa mtoni, ugonjwa mwingine unaowasha ngozi. Wakaaji wengi wa Masisi na Walikale wanakumbuka wagawaji wa vijijini wakipima urefu wa mtu kwa fimbo kabla ya kumpa vidonge. Dawa hiyohiyo huua mdudu wa upele, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliiandika kati ya dawa muhimu za ugonjwa huo.

Huku kwetu, vita ndivyo vilivyochanganya tena mambo. Mwaka 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Mwaka 2024 mapigano ya Sake yalisukuma maelfu hadi Bulengo na kambi nyingine za kando ya Goma. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Goma kuanguka, kambi zilibomolewa na watu wakahama tena. Mwezi wa tatu mapigano yakafika Walikale-centre. Watu kulala wengi kwenye mkeka mmoja kunaeneza upele. Maji machache, moshi, jasho na sabuni kali huamsha egzema. Mwaka huo wa 2024 mpox nayo ilifika kambini, na kila kipele kikaleta hofu. Mpox huja na homa, tezi kuvimba na malengelenge. Mwenye dalili hizo apelekwe mara moja kituo cha afya.

Muuguzi huanza na swali moja: nani mwingine nyumbani anajikuna? Wakiwa wengi, na mwasho ukizidi usiku, vipele vikiwa kati ya vidole, mikononi na kiunoni, hapo ni upele. Nyumba nzima hutibiwa siku moja, na dawa hurudiwa kadiri muuguzi atakavyosema. Nguo na blanketi hufuliwa kwa maji ya moto. Maji yakikosekana, hufungwa ndani ya mfuko kwa siku kadhaa.

Akijikuna mmoja tu, ngozi ikiwa kavu, hali ikienda na kurudi, na katika ukoo kuna pumu, hiyo yaelekea kuwa egzema. Kwa mtoto mchanga hukaa mashavuni. Kwa mkubwa wake, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwa mtu mzima, mara nyingi mikononi mwa anayefua sana. Kwenye ngozi nyeusi haionekani nyekundu, bali huwa nyeusi zaidi au kijivu.

Egzema haina dawa ya kuimaliza kabisa, ila hutulizwa. Kuoga kuwe kwa muda mfupi, bila sabuni kali, kisha kupakwa vazelini ngozi ikingali na unyevu, kila siku. Pomadi ya hidrokotizoni hutumiwa siku chache kwa ushauri wa muuguzi. Pomadi kali za kujichubua zinazouzwa sokoni hupunguza mwasho kwanza, halafu huharibu ngozi. Juu ya upele, huuficha tu nao ukazidi kuenea. Kidonda kikitoa usaha, mtoto arudishwe kituoni.

Akina mama wa Corsica walimjua mdudu kabla ya Paris. Mzazi wa Masisi au Walikale naye anaweza kujua tofauti, na kuwaambia majirani: mtoto mwenye egzema hana cha kuambukiza, na anaweza kulala mkeka mmoja na nduguze.