Won Nyaci: Maisha ya Cheo Kimoja katika Historia ya Walango

Mtu atakaye kuandika kwa Kiswahili juu ya mkuu wa Walango wa Uganda hukabiliwa mara moja na tatizo la jina. Akimwita mfalme, atamweka safu moja na Kabaka wa Buganda na Omukama wa Bunyoro. Akimwita chifu, msomaji atamwaza mtumishi wa serikali aliyekusanya kodi na kusimamia barabara. Walango wenyewe humwita Won Nyaci. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba tatizo hili si la tafsiri peke yake; ndani yake mna swali la kihistoria, nalo ni hili: mamlaka ya mkuu huyo yalitoka wapi, na ni nani mwenye haki ya kuyatoa?

Kwanza yafaa tuwatambue watu wenyewe. Walango hukaa kaskazini ya ziwa Kyoga, wakipakana na Waacholi. Jina lao huandikwa Lango lakini hutamkwa Lang'o, kwa hiyo halina uhusiano wowote na lango la mji katika Kiswahili. Wala wasichanganywe na wale ambao Wajaluo wa Kenya huwaita Lang'o, yaani Wanandi na Wakipsigis. Lugha ya Walango ni ya jamii ya Kiluo, nayo hukaribiana sana na Kiacholi. Lakini mapokeo yao na mengi katika desturi zao huwaunganisha na watu wa mashariki kama vile Wakaramojong na Wateso. Hivyo ni watu waliochukua lugha ya upande mmoja na urithi wa upande mwingine, jambo ambalo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi.

Kabla ya kuja Waingereza, Walango hawakuwa na mkuu mmoja wa nchi nzima. Kulikuwa na jago, aliyeongoza watu wa sehemu yake, na rwot, ambaye sauti yake ilisikilizwa na sehemu kadhaa. Neno rwot ni lile lile ruoth la Kijaluo, na Waacholi pia wanalo. Lakini neno moja laweza kubeba mizigo tofauti. Kwa Waacholi rwot alikuwa na nyumba ya utawala inayorithiwa. Kwa Walango ukubwa wake ulitegemea zaidi ushujaa wake vitani, busara yake barazani, na ukarimu wake. J. H. Driberg, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni huko na ambaye kitabu chake juu ya Walango kilitoka mwaka 1923, alieleza vyeo hivi kwa mpangilio ulionyooka. John Tosh, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1978, aliwahesabu Walango kuwa jamii isiyo na dola, na akawatenganisha waziwazi viongozi wa koo na machifu wa kikoloni. Naona Tosh alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Hata hivyo, kukosa mfalme hakukuwa kukosa nguvu. Wapiganaji wa Kilango walijulikana hadi Bunyoro, na Omukama Kabalega alipofukuzwa na Waingereza alikimbilia kwao. Huko ndiko alikokamatwa pamoja na Kabaka Mwanga tarehe 9 Aprili 1899. Wafalme wawili wenye viti vya enzi walitafuta hifadhi katika nchi isiyokuwa na kiti cha enzi hata kimoja.

Utawala wa Waingereza ulipoingia katika miaka iliyofuata, uliletwa kwa mikono ya mawakala wa Kiganda. Hao walikuja na mfano wa utawala wa kwao, ambamo amri hutoka juu na kushuka ngazi kwa ngazi. Mfano huo ukavikwa maneno ya Kilango: mkuu wa kaunti akaitwa rwot, na mkuu wa kaunti ndogo akaitwa jago. Sauti za maneno zilibaki zile zile, ila maana ziligeuka. Rwot wa zamani aliachwa na watu wake alipokosa busara. Rwot mpya alilipwa mshahara, alihamishwa kama karani, na aliweza kuachishwa kazi na Mzungu peke yake. Alikusanya kodi na kuhimiza kilimo cha pamba. Hapa ndipo neno la jadi lilipoanza kutumikia kazi isiyo ya jadi.

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, wilaya zisizo na wafalme nazo zilitaka heshima iliyopewa Buganda na wenzake. Katiba ya mwaka huo iliruhusu wilaya kuwa na mkuu wa kikatiba. Acholi walikuwa na Laloyo Maber, na Lango wakawa na Won Nyaci. Ni dhahiri kwamba cheo hiki, kwa sura yake ya mkuu mmoja wa Walango wote, hakina umri mkubwa. Lakini angalia neno lake la kwanza. Won maana yake ni mwenye, au baba wa. Won paco ni mwenye mji. Won arum alikuwa mwenye eneo la kuwindia. Mjaluo wa Kenya husema vivyo hivyo wuon dala, na Mswahili wa Unguja alimwita mtawala wake Mwinyi Mkuu. Cheo kilikuwa kipya, bali wazo la mwenye, yaani mtu aliyekabidhiwa kitu kwa niaba ya watu, lilikuwa la kale.

Maisha ya cheo hicho yalikatizwa mapema. Katiba ya 1967 ilifuta ufalme na ukuu wa kikatiba wa wilaya zote, na Rais aliyeileta, Milton Obote, alikuwa mwenyewe mzaliwa wa Akokoro katika Lango. Cheo cha watu wake hakikusazwa. Marekebisho ya 1993 na Katiba ya 1995 yalifungua tena mlango: viongozi wa jadi waweza kuwapo kwa mujibu wa mila na matakwa ya watu, lakini wasishiriki siasa za vyama, wala mtu asilazimishwe kuwatii. Yosam Odur Ebii alikishika cheo hicho kwa miaka mingi. Mwaka 2024 viongozi wa koo, waitwao awitong, walimchagua Michael Moses Odongo Okune, na mabishano juu ya uchaguzi huo yakafika mahakamani.

Wako walioona aibu katika mabishano hayo. Mimi naona kinyume. Watu hawagombanii utaratibu wa kumpata mkuu kama hawaamini kwamba haki ya kumtoa iko mikononi mwao. Swali lililosikika mwaka 2024 ni lile lile la enzi ya rwot wa kale: je, koo zimemkubali? Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba tuandikapo kwa Kiswahili tuliache jina Won Nyaci kama lilivyo, na tukihitaji kulieleza tutumie neno letu mwenye. Tukisema mfalme, tutawapa Walango historia ya jirani zao. Tukisema chifu, tutawapa historia ya watawala wao.