Twende na Wakati: mchezo wa redio uliozungumza na kila nyumba

Wasikilizaji wengi wanaujua mchezo wa kuigiza unaokatika pale pale utamu unapokolea, ukabaki unasubiri kipindi kijacho. Katika makala hii tunaeleza mtindo huo ulianzia wapi, na jinsi Radio Tanzania ilivyoutumia kuzungumzia UKIMWI na uzazi wa mpango.

Ulianzia kwenye sabuni

Michezo hii ilianza kwenye redio za Marekani miaka ya 1930. Ilirushwa mchana, akina mama wakiwa nyumbani, na waliolipia matangazo walikuwa watengenezaji wa sabuni. Ndiyo maana Wamarekani huiita michezo ya sabuni. Mmoja wao, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukaingia kwenye televisheni mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2009. Ni miaka 72!

Miaka ya 1970 mtayarishaji wa Mexico, Miguel Sabido, aliona kuwa mchezo unaouza sabuni unaweza pia kufundisha. Aliweka wahusika wa aina tatu: mwenye tabia njema, mwenye tabia mbaya, na yule anayeyumba katikati. Huyu wa tatu ndiye anayefanana na wengi wetu.

Mkwaju na Tunu

Twende na Wakati ulianza mwaka 1993, mara mbili kwa wiki. Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, hivyo redio ndiyo iliyofika vijijini.

Mkwaju alikuwa dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake njiani. Mkewe Tunu alivumilia, kisha akaanza biashara yake na kumwacha. Mkwaju akapata UKIMWI.

Sisi wa Rungwe tunaishi kando ya barabara ya malori, kutoka Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu. Lakini tusiwanyooshee vidole madereva. Tabia ya Mkwaju inaweza kuwa ya mkulima wa ndizi, mfanyabiashara au mwalimu.

Je, ulisaidia?

Kuanzia 1993 hadi 1995 mchezo huu haukurushwa na mtambo wa Dodoma, ili watafiti walinganishe. Maeneo yaliyousikia, watu wengi zaidi walisema wamepunguza wapenzi na wanatumia kondomu, na matumizi ya uzazi wa mpango yakaongezeka. Dodoma nayo ilipoanza kuusikia, mabadiliko kama hayo yakaonekana huko.

Siri yake ni muda. Tangazo la dakika moja hupita. Mtu unayemsikia wiki hadi wiki anakuwa kama jirani, na ni rahisi mume na mke kuzungumza habari za Mkwaju kuliko kuanza na habari zao wenyewe.

Kilichobadilika tangu wakati ule

Mkwaju alipougua, hapakuwa na dawa za kufubaza virusi katika hospitali zetu. Leo zipo, na hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Anayezitumia ipasavyo huishi miaka mingi, hufanya kazi na hulea watoto wake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mchezo ukiisha usizime redio na kunyamaza. Muulize mwenzako: ungekuwa Tunu, ungefanya nini? Na kama hamjapima, nendeni pamoja kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi.